Gego la Odeli na Mzee Asiyeshukuriwa

Benchi letu lilikuwa la kanisani. Padre wa zamani alipoleta mabenchi mapya yenye mito, Nolia aliomba moja la zamani akaliweka mbele ya duka lake, chini ya bati, na tangu hapo tunalikalia kila asubuhi tukisema mambo ambayo lilipokuwa kanisani halikuwahi kuyasikia. Mungu atusamehe. Mimi ndiye mpiga kengele wa parokia yetu ya Anse Guilbeau, na kijiweni naitwa Kengele. Shule niliiacha mapema nikafuata mashamba ya mpunga ya baba, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie. Kulia kwangu hukaa Kobe, mwenye mabwawa ya kamba wa matopeni, mtu ambaye hata nyumba ikishika moto atamaliza kikombe kwanza. Kushoto hukaa Gavana, aliyewapikia watu wa visima vya mafuta baharini karibu maisha yake yote, akagombea udiwani mara moja, na mkewe akampigia kura mpinzani wake. Na mwisho kabisa wa benchi, penye kivuli, hukaa mzee Zenon Lacombe, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Zenon ni mwenye sala. Ndivyo tunavyowaita kwetu watu waliorithishwa maneno ya kuombea maumivu. Huyu anayo ya kuungua moto, yule anayo ya damu isiyokatika, na Zenon anayo ya meno ya watoto. Lakini tangu amzike mkewe, Elda, kabla ya Krismasi, hakuna aliyempelekea mtoto tena. Alikuja, alikaa, alitazama barabara, na sisi tuliongea kana kwamba pale mwisho wa benchi pamewekwa gunia la mchele.

Ijumaa moja ya Kwaresima, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, akaja Remi Stelly na binti yake begani. Tulisikia kabla hatujaona. Mtoto alikuwa analia kilio kile cha kuchoka, kisicho na machozi tena, kinachopanda na kushuka kama msumeno kwenye gogo bichi.

— Remi, huyo ni Odeli au umenunua king'ora? akauliza Gavana.

— Magego, akasema Remi.

Hakucheka. Akabaki amesimama, anayumba huku na huku kama wanavyoyumba wazazi wote, hata mtoto akiwa hayupo mikononi. Odeli alikuwa amepita mwaka na nusu. Mashavu mekundu, kidevu kimelowa mate mpaka kimebabuka, ngumi nzima mdomoni.

— Daktari kasemaje? nikauliza.

— Kamtazama masikio, kamtazama koo, kasema hakuna ugonjwa. Ni magego ya kwanza. Katupa dawa ya maji, anaitema. Katwambia tumpe kitambaa cha baridi atafune, anakitupa. Kasema tusubiri.

— Kusubiri ni rahisi ukiwa unalala kwako, akasema Kobe.

— Hajala tangu mwanzo wa wiki, Kobe. Maji kidogo, maziwa kidogo, basi. Na Karin hajalala. Na mimi, gari la kampuni linanichukua hapa hapa saa sita. Nikishapanda ile helikopta ya kwenda visimani, sirudi mpaka baada ya Pasaka.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na kiatu chake:

— Karin kaniambia jana. Akiniona napanda lile gari na mtoto yuko hivi, yeye naye anapanda lake. Anarudi kaskazini kwa mama yake. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana naogopa. Kasema kama mtu anayekwambia mvua itanyesha.

Karin ni mwanamke wa Dakota, kaskazini kabisa. Remi alimpata huko alipokwenda kuchimba mafuta kwenye theluji, akamleta kwetu, na mpaka siku ile alikuwa bado hajaacha kushangaa kwamba Februari tunakaa nje. Tulimpenda. Lakini hana mama huku, hana dada, na mama yake Remi tulishamzika. Basi tulilielewa lile neno.

Sasa, watu wenye akili wangefanya nini? Mwenye sala ya meno yuko pale pale, ukinyoosha mkono unamgusa. Remi mwenyewe alimtupia jicho Zenon, haraka, akaliondoa. Nikaona Gavana naye kamtupia jicho, kaliondoa. Mimi pia. Tukaanza kuongea wote kwa pamoja.

— Jino la mamba, akasema Kobe. Sikiliza wewe. Jino la mamba, ulifunge kwenye nguo yake. Mamba hamalizi meno. Likitoka moja lingine limo ndani linangoja zamu. Mtoto akiwa nalo karibu, meno yake yanajifunza.

— Yanajifunza nini?

— Njia ya kutokea.

— Kobe, watoto wako wote mliwafunga meno ya mamba, akasema Gavana. Mwanao wa mwisho ana pengo unaloweza kupitisha baiskeli.

— Lile pengo ni la ngumi. Usichanganye mambo.

— Basi ngoja nikwambie mimi kitu ambacho madaktari hawakisemi. Gavana akasogea mbele, na akisogea mbele mjue asubuhi imekwisha. Zamani watoto wa hapa walitoa meno kama mpunga unavyoota, kimya. Tulianza kusikia vilio lini? Tulipoanza kuchimba. Mimi nilikuwa kule, nimesimama juu ya vile visima na sufuria zangu, nausikia ule mtikisiko unapanda miguuni. Ardhi yote ya kusini inatikisika chini kwa chini. Sasa jino ni nini? Jino ni mti. Utaotesha mti kwenye udongo unaotikisika?

— Kwa hiyo Odeli analia kwa sababu ya kampuni za mafuta, nikasema.

— Sikusema kampuni. Nimesema mtikisiko.

— Na baba yake anakwenda kuzidisha mtikisiko leo saa sita.

Remi akamhamishia mtoto bega la pili. Odeli akashika kola ya shati lake akaiuma, akaachia, akalia upya. Nolia alikuwa dirishani anasikiliza huku anapanga mayai. Akasema:

— Mnamwongezea kijana mzigo.

— Mpe tone la wiski, akasema Gavana. Kwenye ufizi tu. Kidole kimoja.

— Gavana, ukimtia mtoto pombe mdomoni mbele ya duka langu, nakupiga na hili birika na kahawa ikiwamo. Madaktari wanasema wazi, pombe hapana.

— Nilipakwa mimi.

— Ndiyo, na tunakuona.

Hapo Kobe akacheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini, jambo ambalo halifanyi hivi hivi. Alipomaliza, akainua kidole.

— Ubongo wa sungura. Hii bibi yangu alikuwa haachi. Sungura wa porini, siyo wa kufugwa. Unapaka ufizi asubuhi na jioni.

— Leo Ijumaa, akasema Gavana.

— Kwa hiyo?

— Sungura ni nyama. Tuko Kwaresima.

— Mtoto hamli. Anapakwa.

— Akishapakwa inakwenda wapi, Kobe? Inatokea sikioni?

Wote wawili wakanigeukia. Nikipiga kengele ya misa, watu hudhani na sheria za Kanisa nazipiga mimi. Ningesema sijui. Badala yake nikakohoa kama padre.

— Mtoto mdogo hafungwi na mfungo, nikasema.

— Sawa, mtoto. Na kidole cha baba yake? Kile kidole kina umri wa kufunga.

— Kidole hakili.

— Kitalambwa na mtoto. Kinashiriki.

Nikajikuta nafikiria kweli, nimekunja uso, kana kwamba maaskofu wananingoja niwape jibu. Na muda wote huo mtoto analia. Hilo ndilo linaloniuma ninapoandika. Tulikuwa na raha. Kilio kilikuwa hapo katikati yetu, nasi tunakizunguka na maneno kama watu wanaota moto.

Gavana alikuwa ameshafika kwenye hali ya hewa. Kwamba meno hupanda hewa inapokuwa nzito kabla ya dhoruba, kwamba mtoto mwenye magego anaijua tufani kuliko ofisi ya serikali yenye vyombo vyake vyote, kwamba yeye angechaguliwa kile kiti cha udiwani angeajiri watoto wa mwaka na nusu, mmoja kila kijiji cha pwani, wakilia tunahama.

— Na wakilia kwa njaa? akauliza Kobe.

— Tunahama kidogo.

Ndipo lori kuukuu la Remi likaingia uwanjani, na nyuma ya usukani yuko Karin. Akashuka na ndala za nyumbani, koti juu ya nguo ya kulalia, nywele amezifunga na leso ya jikoni. Macho yalikuwa ya mtu aliyepita upande wa pili wa usingizi, mahali ambapo hata kulala kumesahaulika. Hakumfokea mtu. Alimtazama Odeli, akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, kisha akasema:

— Nilidhani kukiwa kimya nitalala. Nikawa nimejilaza kitandani nasikiliza ule ukimya.

— Kaa, binti, akasema Kobe, akamsogezea nafasi.

Hakukaa.

— Remi, kabla hajafa, mama yako aliniambia. Alisema Odeli akifika kwenye magego, kuna mzee kijijini anayeombea meno, nimpeleke. Ni nani?

Remi akatazama chini.

— Mzee Zenon.

— Anakaa wapi?

Kobe, kwa kuwa alikuwa karibu, akaashiria kwa kidevu tu, mwisho wa benchi.

Karin akageuka. Zenon alikuwa amekaa vilevile, kofia magotini, anatazama barabara.

— Yupo hapa, akasema Karin polepole.

— Yupo.

— Na alikuwepo tangu mmeanza?

— Huwa anakuwepo kila siku, akasema Gavana. Lakini unajua, mama, mwenye sala hajitolei. Kwetu ndivyo ilivyo. Akijitolea mwenyewe, maneno hayafanyi kazi. Lazima aombwe.

— Nimeelewa. Basi mlipomwomba, alisemaje?

Jamani. Nimekaa kwenye lile benchi miaka, nimesikia maswali ya mafuta, ya siasa, ya bei ya mchele, ya kwa nini Mungu aliumba mbu, na yote tuliyajibu. Hilo halikuwa na mtu wa kulijibu. Kobe akachungulia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimeanguka humo. Remi akawa mwekundu kuliko mtoto.

Maana hatukumwomba. Remi hakumwomba, mimi sikumwomba, na kabla ya Remi kuna akina mama wengine tangu Krismasi ambao watoto wao walilia nao hawakuomba. Kila mtu alisema, mzee ameiweka sala chini, amefiwa, tusimsumbue. Nikijiuliza nani alimsikia akisema ameiweka chini, sipati jina. Tulijua alimwombea Elda asubuhi na jioni mpaka mwisho, na Elda akafa. Tukaona aibu kwa niaba yake. Tukamfunika na adabu, na yeye, kwa sheria aliyopewa na waliomtangulia, hakuruhusiwa hata kusema: nipeni huyo mtoto. Siku zote zile amekaa pale anasikiliza habari za meno ya mamba.

Karin alimchukua Odeli kutoka kwa Remi, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akasimama mbele ya mzee.

— Mzee Zenon, naomba umwombee mwanangu.

Zenon aliinua macho.

— Hawakukwambia? akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu. Nilimwombea mke wangu kila siku.

— Sikuambiwa.

— Hakupona.

— Pole sana. Alikuwa anaumwa meno?

Nilimsikia Nolia dirishani akivuta pumzi. Remi alipiga hatua moja mbele, kama anataka kuyarudisha yale maneno kwa mkono. Lakini Karin hakuwa amekusudia ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, basi, kama mgeni anavyouliza njia.

Zenon alimgeukia mwanamke yule.

— Hapana, akasema. Ulikuwa moyo.

Akaigeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena.

— Mimi nilipewa ya meno tu. Nilimwombea hiyo hiyo. Sikuwa na nyingine.

Barabarani gari likapita, likaenda zake.

— Huyu ni meno, akasema Karin.

Zenon akanyanyuka. Akaenda kwenye bomba la pembeni ya duka, akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Akarudi, akakaa, akanyoosha mikono, na Karin akamweka mtoto magotini pake. Odeli akajikunja kama upinde akipiga makelele. Mzee hakumbana. Alimwacha apigane mpaka akachoka kidogo.

— Jina lake la ubatizo?

— Odeli Maria.

Akamchora msalaba mdogo kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Kisha akaingiza kidole cha shahada mdomoni mwake, nyuma kabisa, upande wa kushoto, kwenye ule ufizi uliovimba. Na Odeli akamng'ata.

Akamng'ata kweli. Tuliona mishipa ya shingo ya yule mzee imesimama. Meno ya mbele Odeli anayo, na kule nyuma kuna kitu kinachosukuma. Zenon hakutoa kidole. Midomo yake ikaanza kwenda, bila sauti, ile midomo ambayo tulikuwa hatujaiona ikienda tangu Krismasi. Maneno hayo hayasikiki, na asiyepewa haruhusiwi kuyasikia. Gavana akavua kofia. Kobe akavua yake. Mimi nikawa sina kofia, nikashika kikombe kwa mikono miwili.

Nitawaambia nilichokiona, wala sitaongeza. Kilio hakikukatika ghafla. Kilishuka kama chungu kilichoondolewa motoni, kinachemka bado, kisha kinatokota, kisha kinatoa povu moja moja. Ngumi ya mtoto, iliyokuwa imekazwa tangu afike, ikafunguka. Kidole kimoja, halafu vyote, mpaka kiganja kikawa wazi juu ya shati la mzee, kidogo, chekundu, chenye mistari yake yote. Macho yakamtazama Zenon. Yalimtazama kama mtu anayesikiliza habari ndefu. Kisha kope zikaanza kuanguka. Na meno yalikuwa bado yameshika kidole.

Pengine alichoka tu. Daktari angesema hivyo, na mimi siwezi kubishana na daktari. Pengine ni kule kubonyezwa ufizi kwa kidole. Lakini nilikuwa pale, na ninawaambia tulisimama kama watu walio mbele ya Sakramenti. Nilifikiri: kuna mfupa unapanda ndani ya nyama ya kiumbe huyu. Hakuna aliyeuita. Hakuna aliyeuonyesha mahali pa kutokea. Unajua njia, na siku, na umbo, na unapasua, na inauma, na bila ya maumivu hayo hatakula mkate maisha yake yote. Nasi wakubwa wote tulipita humo, hakuna hata mmoja anayekumbuka. Nilipiga kengele za kanisa ujana wangu wote na sijawahi kutetemeka vile.

Odeli akalala. Mdomo ukalegea. Zenon akatoa kidole, akakipangusa kwenye suruali.

Karin alikuwa analia bila sauti. Akafuta uso kwa mkono wa koti, akamwinamia mzee, akavuta pumzi ya kusema, na benchi zima tukajua ni neno gani.

Gavana akakohoa kwa nguvu. Nolia akaangusha kifuniko. Na Kobe, yule Kobe, aliruka. Sijui neno lingine. Aliruka akasimama kati ya Karin na mzee, mikono imetanuliwa kama anazuia ng'ombe barabarani.

— Usiseme, mama. Hilo usiseme.

— Nisiseme nini?

— Hashukuriwi, akasema Remi haraka. Samahani, nilipaswa kukwambia. Mwenye sala hashukuriwi wala halipwi. Ukimshukuru, sala inarudi nyuma. Kazi si yake. Yule mwenye kazi ndiye unayemshukuru, nyumbani, kimya kimya.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo.

— Maisha yake yote hajawahi kuambiwa?

Remi akatikisa kichwa. Karin akasimama pale na neno lake limejaa mdomoni, hana pa kulitua. Akatazama huku na huku. Kisha akamsogeza Kobe pembeni kwa upole, akauchukua mkono wa Zenon akaugeuza juu.

Pale kwenye kidole, karibu na fundo, kulikuwa na alama. Vishimo vidogo mbele, vimepangana kama mshono wa cherehani, na nyuma yake kimoja peke yake, kipana kidogo, kimechubua ngozi.

— Amekuumiza, akasema Karin. Pole kwa kidole.

Gavana akanigeukia. Kobe akanigeukia. Remi naye. Nikatafuta kichwani katika yote niliyosikia kwa wazee, katika mambo yote asiyoruhusiwa kuambiwa mwenye sala.

— Hilo halijakatazwa, nikasema.

— Pole sana, mzee, akasema Remi.

— Pole, mzee Zenon, akasema Gavana.

— Pole, akasema Kobe.

Nami nikasema pole. Nolia akasema kutoka dirishani. Tulimpa pole ya kidole, mmoja baada ya mwingine, na nadhani kila mtu alijua kuwa tumechelewa nayo tangu mazishi.

Zenon alikuwa anatazama ile alama.

— Ana nguvu, akasema.

Saa sita gari la kampuni likaingia na vumbi lake, dereva akapiga honi, na watu wote kijiweni wakamgeukia kwa pamoja, vidole midomoni, anyamaze. Remi hakusogea. Alikuwa anamtazama mkewe.

Karin alikuwa amekaa sasa, karibu na Zenon, bega lake limegusa la mzee, kwa sababu mtoto alikuwa bado amelala mikononi mwa mzee na hakuna aliyetaka kumhamisha.

— Nenda, akasema.

— Karin.

— Nenda, Remi. Utatukuta.

Remi akambusu mkewe, akambusu mtoto kwenye unyayo, akachukua begi lake. Alipofika kwenye mlango wa gari akageuka, akamtazama Zenon, mdomo ukafunguka wenyewe.

— Panda, akasema Gavana. Panda kabla hujaharibu.

Akapanda. Gari likaondoka. Karin alilitazama mpaka kona ya kiwanda cha mpunga, kisha akauliza bila kugeuka:

— Magego haya ya kwanza yako mangapi?

— Manne, akasema Zenon.

— Basi bado matatu. Likianza la pili, nitakuja kukuomba.

— Uje asubuhi. Asubuhi niko hapa.

Ule ukimya uliofuata ndio uliomwamsha Odeli, nadhani, kwa kuwa hakuwa ameuzoea. Alifumbua macho, akamwona mzee, hakulia. Mkono wa Kobe ulikuwa karibu, umeshika kipande cha mkate wa mahindi alichokuwa amekisahau. Odeli akakinyakua, akakisukuma ndani upande wa kushoto, akauma. Makombo yakamwagika kwenye shati la mzee. Akauma tena. Kisha akapiga mwayo mkubwa, wa mtu aliyefanya kazi nzito, mdomo wazi kabisa, na Zenon akamwinua kidogo kuelekea kwenye mwanga.

— Tazameni, akasema.

Tukainama, sisi wazee, vichwa vimegongana, kofia mikononi. Kule nyuma, kwenye ule wekundu, palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama ncha ya punje ya mchele. Tulichungulia mpaka alipofunga mdomo, kisha tukangoja apige mwayo mwingine.